Jina Moja, Mimea Miwili
(Maneno yaliyosemwa kwa watu wa Ekerenyo)

Wengi huuliza kama wanga na arrowroot ni kitu kimoja. Wanga ni chakula cha nguvu kilichomo katika mahindi, mihogo na viazi. Unga wa arrowroot nao ni wanga, ila hutolewa katika mizizi ya Maranta, mmea wa nchi za joto za Amerika.

Hapa Kenya nduma zetu za mabondeni huitwa kwa jina hilo hilo la Kiingereza, nazo ni mmea mwingine. Basi mama asomaye kitabuni kwamba mgonjwa apikiwe uji wa arrowroot, asidhani ni nduma. Nduma isiyoiva huwasha koo. Ichemshwe mpaka iive kabisa. Tena wanga mtupu haujengi mwili: mtoto atiliwe na maziwa.