Likizo Yako Ni Haki

Msikilizaji wa Kwale, wewe unayetandika vitanda hotelini Diani, watoto umewaacha kwa nyanya yao Msambweni, sikiza. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila ukitimiza miezi 12. Mama akijifungua ana miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo yake ya mwaka haiguswi. Mumewe ana wiki mbili. Hoteli nyingi hutoa likizo masika ya Mei, wageni wakipungua, ilhali watoto wako darasani. Hilo linauma. Omba mapema, kwa maandishi, hata siku chache za Agosti shule zikifungwa, au mbadilishane zamu msimamizi akijua. Nakala ya barua ibaki kwako. Ukinyimwa, nenda ofisi ya leba.