Mgeni Njoo, Mwenyeji Asiugue

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Siku hizi benki, hospitali, vyuo na idara nyingi huweka kumbukumbu zao katika kitu kiitwacho wingu. Jina hilo lisikuhadae, kwani wingu hilo halielei angani. Ni chumba chenye ubaridi na safu za kompyuta kubwa ziitwazo seva, zilizounganishwa zikafanya kazi kama mashine moja. Taasisi inapokuwa na seva hizo kwa matumizi yake yenyewe tu, hilo huitwa wingu binafsi.

Kazi ikizidi, seva huongezwa. Wengi wetu hudhani kuongeza seva ni sawa na kuongeza viti ukumbini. La hasha!

Tarehe 25 Novemba 2020, kampuni ya Amazon ya Marekani iliongeza seva kidogo katika huduma yake ya Kinesis, kwenye vituo vyake vya jimbo la Virginia. Kazi ilianza saa 8 na dakika 44 usiku, kwa saa za pwani ya magharibi ya nchi hiyo, ikamalizika saa 9 na dakika 47. Ilipofika saa 11 na robo alfajiri, huduma ikaanza kuyumba, na nyingine zilizoitegemea zikayumba nayo. Haikutengemaa kabisa hadi saa 4 na dakika 23 usiku. Hizo ni saa 17 na ushei.

Kulikoni? Kampuni yenyewe ilieleza hadharani. Kila seva ilikuwa lazima iwasiliane na kila seva nyingine kundini, na kwa kila moja ilitenga uzi wake wa kazi. Chukua mfano wa karamu ambayo kila aliyehudhuria sharti ashikane mkono na kila mtu. Wakiwa 10, kila mmoja ana mikono 9 ya kushika. Akiingia wa 11, wote 10 wanaongezewa kazi, si yeye peke yake. Huko Virginia nyuzi hizo zilivuka kiwango kilichowekwa katika mfumo endeshi, na zilivuka katika seva zote za kundi hilo kwa pamoja. Waliziondoa seva mpya, lakini zile za zamani ikabidi ziwashwe upya pole pole, mia chache tu kwa saa, zisije zikaelemewa tena.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari ile mwenyeji aliugua, na mgeni hakuwa na kasoro yoyote.

Sasa tuje kwenye wingu binafsi. Nyingi huendeshwa kwa OpenStack, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2010 na shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na kampuni ya Rackspace. Programu hiyo inampa fundi njia ya busara: seva mpya inaweza kuandikishwa huku mlango wake umefungwa, isipewe kazi ya mtu yeyote. Kwanza ihakikiwe kwamba toleo la programu zake, saa yake na mtandao wake vinalingana na vya wenzake. Iwe na hati yake ya utambulisho, maana mashine isiyohakikiwa ni mgeni uliyemkabidhi funguo za nyumba. Kisha ipewe kazi ya majaribio. Ikifaulu, mlango ufunguliwe, na seva ziingie moja moja au chache chache, huku fundi akiwaangalia wenyeji, si mgeni peke yake. Kwenye hifadhi ya kumbukumbu, mashine mpya ipewe mzigo kidogo kidogo, kwa sababu kumbukumbu huanza kuhamishwa mara inapoingia, na msongamano huo huwachelewesha watumiaji. Na njia ya kurudi iwepo: kufunga mlango, kuhamisha kazi zilizomo, kisha kuitoa.

Yote haya yanahitaji muda, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mkubwa amenunua mashine, ameahidi, na anataka Jumatatu asubuhi ziwe zinafanya kazi. Fundi akisema bado, anaitwa mvivu. Mambo yakiharibika, anayeadhibiwa ni fundi huyo huyo, na anayeumia ni mama aliyesimama dirishani hospitalini akiambiwa mtandao hakuna, faili la mtoto wake halionekani.

Kwa hiyo nasema hivi. Taasisi ikitangaza kwamba imenunua seva mpya, sisi waandishi tusiishie kuhesabu mashine. Tuulize: zitaingizwa ngapi kwa mara moja? Kiwango cha juu cha mfumo ni kipi? Zikileta matatizo, zitatolewaje, na nani ana mamlaka ya kusema simama?

Ninaamini mamlaka hayo yawe ya fundi aliye zamu, na yaandikwe. Mashine ikisubiri wiki moja ndani ya boksi haimdhuru mtu.