KAMERA NAYO IBISHE HODI: Picha za familia na amana ya nyumba

(Nakala ya mhadhara uliotolewa mbele ya wazazi na vijana, Tanga)

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Kiyama. Ama baad.



Nimetakiwa nizungumzie jambo lililoingia katika nyumba zetu, kuanzia Ngamiani na Makorora hapa mjini hadi Pangani na Mkinga, nalo ni picha za familia. Sikusudii zile ambazo watu hupangwa mstari, wakavaa kanzu na mabuibui mapya, wakaambiwa watazame mbele. Nakusudia zinazopigwa bila kupangwa: mtoto amesinzia na juzuu mkononi, bibi anakuna nazi uani, baba amerudi kazini na watoto wamemning'inia. Picha hizi hupendwa kuliko zote kwa kuwa zinawaonyesha watu kama walivyo. Kwa sababu hiyo hiyo, ndizo zinazohitaji tahadhari kuliko zote.

Hitilafu ya wanazuoni

Yapo makemeo makali katika hadithi sahihi juu ya wenye kutengeneza sura za viumbe wenye roho. Walichohitalifiana wanazuoni wa karne iliyopita ni iwapo picha ya kamera inaingia katika makemeo hayo. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyepata kuwa Mufti wa Misri na akafariki mwaka 1935, aliona kuwa kamera haiumbi sura bali inazuia kivuli tu, basi akairuhusu. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz na Sheikh Nasiruddin al-Albani, waliofariki wote wawili mwaka 1999, waliona kuwa ni taswira iliyokatazwa, isipokuwa penye dharura au haja, kama vile vitambulisho na pasipoti.

Mwenye kushika kauli ya kukataza akajiepusha, ameihifadhi dini yake, na haifai kumfanyia kejeli. Ama mwenye kushika kauli ya kuruhusu, asidhani kuwa hesabu yake imekwisha. Chombo kuruhusiwa hakulazimu kuruhusiwa kila kinachofanywa kwa chombo hicho. Maneno yangu leo yanamhusu huyu.

Mtume (SAW) nyumbani kwake

Tusidhani kuwa Uislamu unayadharau mambo madogo ya nyumbani. Mama yetu Aisha (RA) alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Abu Qatada (RA) amesimulia walivyomwona akiswali huku amembeba mjukuu wake Umama. Akisujudu humweka chini, akisimama humbeba tena. Na katika Sunan ya Imamu an-Nasai imepokewa kuwa alirefusha sijda mpaka watu wakadhani limetokea jambo, kumbe mjukuu wake amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha.

Hakuna hata moja katika haya lililopangwa ili litazamwe. Tumeyajua kwa sababu waliokuwapo walitazama kwa mapenzi, kisha wakasimulia ili umma upate mafunzo. Basi shauku ya mzazi kuhifadhi kicheko cha mwanawe si jambo la kulaumiwa. Swali ni je, anayetazama ameruhusiwa kutazama, na anachokitoa nje anakitoa kwa manufaa ya nani?

Hodi iliwekwa kwa ajili ya jicho

Katika hadithi ya Sahl bin Saad (RA), waliyoipokea Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (SAW). Mtume akamkemea vikali, akabainisha kuwa kuomba ruhusa kumewekwa kwa sababu ya jicho. Zingatieni maana hii. Hodi tunayoibisha hapa pwani mara tatu, na tusipoitikiwa tukarudi, haizuii miguu peke yake, inazuia macho. Na kamera ni jicho, tena ni jicho lisilosahau, linaloweza kuwaazima maelfu ya watu kile lilichokiona.

Atakuwapo atakayesema: mimi ni mwana wa nyumba hii, kwangu hapana hodi. Na airejee Surat an-Nur, aya ya 58. Humo Allah (SW) ameamrisha kwamba hata watumwa na watoto wasiobaleghe, wanaoingia na kutoka siku nzima, waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya swala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya swala ya Isha. Ikiwa mtoto mdogo ameamrishwa kubisha hodi nyakati hizo, vipi simu ya kijana mwenye miaka ishirini?

Zamani kamera haikuingia ndani kwa wepesi huu. Capital Art Studio ya Zanzibar ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Aliyekwenda studio alioga, akavaa, akaketi, akajua kuwa anapigwa picha. Alijipeleka mwenyewe, na ruhusa ilikuwa ndani ya tendo lenyewe. Leo hakuna safari ya studio. Simu imelala mkekani pamoja nasi.

Ukuta wa harusini

Madhara yanaonekana zaidi harusini. Mtafiti wa Kijerumani Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya upigaji picha katika pwani ya Kenya, ameeleza jinsi kamera za video zilivyoleta mgogoro katika harusi za wanawake wa Kiislamu. Na hali ya kwetu si mbali na hiyo. Mwanamke anaingia upande wa wanawake, anavua buibui, anaonyesha nywele zake na hina yake kwa wenzake, kwa kuamini ukuta uliopo. Simu moja inauvunja ukuta ule. Kabla bibi harusi hajafika kwa mumewe, wanaume asiowajua wameshamwona yeye na mama yake na dada zake. Aliyedhulumiwa hapo ni yule aliyeamini ukuta, basi lawama asitupiwe yeye. Ikiwa mtu akizungumza nawe huku akigeuka kutazama kama kuna anayesikia, mazungumzo yake yamekuwa amana kwako, kama tulivyofunzwa na Mtume (SAW), basi vipi sura ya mwanamke ambaye hata hakujua kuwa unaichukua?

Tufanye nini?

Atauliza muulizaji: nikimwomba mtu ruhusa atajipanga, na uasili utaondoka. Jawabu ni kwamba ruhusa haina lazima iombwe katika dakika ile ile.

Kwanza, watu wa nyumba wakubaliane mapema nani hapendi kupigwa picha, na wapi na wakati gani kamera haifunguliwi. Nyakati tatu za aya ziwe za mwanzo, na chumba cha mgonjwa kiwe katika hesabu hiyo. Baada ya makubaliano hayo, keti kimya karibu na dirisha lenye nuru, shuka mpaka kimo cha mtoto, na umwache aendelee na mchezo wake. Uasili hauhitaji wizi.

Pili, ukishapiga, mwonyeshe mwenyewe. Akisema futa, futa hapo hapo, hata katika sehemu ya simu inayohifadhi vilivyofutwa.

Tatu, ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kutuma. Bibi aliyekubali mjukuu ampige picha akikuna nazi hajakubali kutazamwa katika kundi la WhatsApp la watu mia mbili. Ibara ya 16 ya Katiba ya nchi yetu nayo imeyalinda maisha binafsi ya mtu na familia yake. Basi sisi wenye Surat an-Nur tuna udhuru gani?

Nne, mtoto hana uwezo wa kuruhusu, na mzazi ni mwangalizi wake. Usimpige akiwa uchi, akiadhibiwa wala akilia kwa aibu. Picha inayowachekesha leo atakutana nayo akiwa mtu mzima.

Tano, tuiepushe ibada na kamera. Anayejua kuwa anapigwa picha akiswali au akitoa sadaka amefunguliwa mlango wa riya, na anayempiga ndiye aliyeufungua.

Ndugu zangu, aliyekaa nasi nyumbani ametuona tukiwa hatuna tahadhari. Hiyo ni imani kubwa aliyopewa, na ataulizwa juu yake.

Tunamwomba Allah (SW) azisitiri aibu zetu, azihifadhi familia zetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuchunga amana zao. Amin. Wabillahi tawfiq.