Unyayo Usiofutika



Juma lililopita binti yangu alinionyesha jambo katika simu yake, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Binti huyu ana umri wa miaka 22, na kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri hutoka kwenda kukimbia. Ni mazoezi mema, na mimi mwenye kitambi sina neno la kumkosoa. Alichonionyesha ni ramani ya mtaa wetu, na juu yake mstari mwekundu uliofuata barabara hadi ufukweni na kurudi.

"Baba, tazama, leo nimemaliza kilomita nane," aliniambia kwa furaha.

Nikatazama. Mstari ule ulianzia kwenye geti letu, ukaishia kwenye geti letu. Pembeni palikuwa na jina lake, picha yake na saa aliyotoka nyumbani. Nikamwuliza ni nani wengine wanaouona. Akanijibu, "Wote, baba. Ndiyo raha yake."

Watu wengi wakisikia habari hizi huzilaumu setilaiti, wakidhani zinatuchungulia kutoka juu. Sivyo. Setilaiti za GPS, ambazo ni mali ya serikali ya Marekani, huzunguka dunia zikiwa umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu. Kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo, basi. Simu yako ni mfano wa redio: husikiliza setilaiti nne au zaidi, hupima mawimbi yametumia muda gani kufika, kisha hupiga hesabu ya mahali ilipo. Setilaiti haijui kama unaisikiliza, kama mimi nisivyojua sasa hivi ni nani kafungua redio yake. Hadi mwaka 2000 Wamarekani walikuwa wakiyavuruga makusudi mawimbi ya raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Rais Bill Clinton alipoamuru uvurugaji huo ukome, mwezi Mei mwaka huo, mlango ulifunguka kwa wakimbiaji, waendesha baiskeli na wapanda milima wote.

Kwa hiyo siri zetu hazivuji angani. Huvuja kwa mikono yetu wenyewe, pale tunapouchukua mstari wetu na kuubandika mtandaoni.

Mtadhani nina woga wa kizee. Basi sikilizeni. Novemba 2017 kampuni ya Strava, ambayo wanamichezo huweka kwake mistari yao, ilitoa ramani ya dunia nzima iliyong'aa kila palipokimbiwa sana. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, akaikagua. Katika nchi kama Syria na Afghanistan, mahali pengi palikuwa giza tupu, lakini katikati ya giza palionekana vijia vidogo vinavyong'aa. Walikuwa askari wa kigeni wakifanya mazoezi ndani ya kambi zao! Kambi iliyofichwa ikachorwa na miguu ya wenyewe. Agosti mwaka huohuo wizara ya ulinzi ya Marekani ikawapiga marufuku askari wake kutumia vifaa hivyo katika maeneo ya operesheni.

Je, dunia ilijifunza? Oktoba 2024 gazeti la Le Monde la Ufaransa lilionyesha kwamba walinzi wa marais, akiwamo wa Ufaransa na wa Marekani, walikuwa bado wanaweka mbio zao hadharani, na kwa kuzifuata mtu angeweza kujua rais atafikia hoteli gani. Ikiwa mtu anayelipwa mshahara kwa kutunza siri husahau, sembuse msichana wa miaka 22 mwenye furaha ya kilomita nane?

Hata hivyo, sitaki mniambie kwamba nazomea kila kipya. Mstari unaoachwa na mwenzako ni sadaka. Mgeni wa mji hupata njia ya kukimbilia bila kugongwa na magari. Zipo pia programu ambazo ukiinua simu kuelekea mlimani, majina hujiandika juu ya picha yenyewe: Kibo hii, Mawenzi ile, na njia ikachorwa mbele yako kama uzi. Nasi huku hatuko nyuma, kwani Agosti 2022 huduma ya intaneti ilifikishwa Kilimanjaro hadi Horombo, mita 3,720 juu ya bahari.

Lakini mstari una upungufu wake, nami nilifunzwa upungufu huo na mzee mmoja katika milima ya Uluguru. Mwezi wa Aprili, miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa watatu tukipanda juu ya Morogoro, tukifuata mstari wa mtu tusiyemjua. Tukakutana na mzee yule akitoka shambani, jembe begani. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akatwambia:

"Wanangu, huko mnakokwenda hakupitiki. Mto umejaa. Tangu masika yaanze, sisi twazungukia juu."

Mimi, kwa ujuaji wangu, nikamwonyesha simu. Akaitazama kwa makini, akauliza swali moja tu: "Huyo aliyepita hapo, alipita lini?"

Nikatafuta tarehe. Alipita Septemba, wakati wa kiangazi, mto ukiwa mawe matupu. Tarehe ilikuwapo siku zote. Mimi ndiye sikuisoma. Tulipofika juu tulisikia ngurumo ya mto ule kabla hatujauona, na hakuna aliyethubutu kusema neno.

Ndiyo maana nasema, mstari unakuonyesha mtu alipopita. Haukwambii kama alifanya busara, wala kama leo panapitika. Ukungu ukishuka, mlima hupotea machoni, lakini simu itaendelea kukuchorea njia bila wasiwasi wowote. Kuuliza si ujinga. Mwulize mwenyeji kwanza, ndipo uiulize simu.

Na wewe unayeacha mstari, ficha mlango wako. Programu nyingi zina sehemu ya kufuta kipande cha mwanzo na cha mwisho cha safari. Kiwe kirefu, maana mistari mingi ikikatikia kuzunguka duara dogo, mwenye akili atajua katikati ya duara kuna nini. Chagua unaowajua ndio waone. Weka mstari ukisha kurudi, usiweke ukiwa njiani. Na usitoke kila siku saa ileile kwa njia ileile.

Binti yangu sikumkataza kukimbia. Barabara ni yake kama ilivyo yangu, na mwenye kustahili lawama ni yule anayemvizia mtoto wa watu, si mtoto anayekimbia. Tuliketi tukaifungua simu pamoja, tukafuta geti letu katika ramani. Mistari ya miezi saba! Ilituchukua hadi usiku, chai ikapoa. Asubuhi yake nilimsikia akifungua mlango, safari hii saa kumi na mbili. Nikalala macho wazi hadi aliporudi.