Mahame ya Kisimani na Kua: Maneno Yaliyosemwa Bwejuu



Tumeitwa leo tuseme maneno kidogo juu ya mahame yaliyo jirani nasi, na juu ya khofu inayowashika watu wayatajapo. Hatukuja kumcheka mtu. Sisi nasi tulilelewa na mabibi waliotukataza kupiga mluzi usiku, na tukipita Ras Kisimani jua likiisha kuchwa bado twateremsha sauti zetu chomboni. Lakini khofu ni jambo moja, na habari ni jambo jingine. Nasi twaona ya kuwa siku hizi khofu yapungua wala habari haziongezeki. Hapo ndipo penye hatari, na tutaieleza kwa mahali pake.

Kisiwa chetu ni kidogo, cha mchanga, kiko baharini baina ya Mafia na midomo ya Rufiji. Mtu akisimama ufukoni akielekea mashariki atazama upande wa Ras Kisimani, pembe ya Mafia ya kusini-magharibi. Akigeuka magharibi, atazama mikoko ya Rufiji. Pande zote mbili pana wafu wanaosimuliwa.

Wa magharibi hawatatuchukulia muda mwingi, maana habari zao zimeandikwa. Manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya Rufiji. Waingereza waliitwaa Mafia Januari 1915, wakaweka ndege humo. Na Julai 1915 ndege hizo zikawaonyesha wapiga mizinga wa manowari Severn na Mersey mahali pa kulenga. Tarehe 11 mwezi huo Wajerumani wenyewe wakaizamisha meli yao. Gofu la chuma lilibaki matopeni miaka mingi, na wavuvi waliokwenda dago upande ule wakasimulia taa na sauti za watu. Sisi twasema chuma kilichooza, maji yakipwa, hulia. Mizinga yake ilitolewa ikaburutwa bara ikapigana tena. Mmoja umewekwa Ngome ya Yesu, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus. Maadui wawili wamelazwa pamoja, na watoto hupanda juu yao wakapigwa picha. Hatujasikia ya kuwa mizinga hiyo imemdhuru mtu tena.

Sasa tugeuke mashariki.

Kisimani palikuwa mji. Hadithi ya kale ya masultani wa Kilwa yasema ya kuwa mtawala wa kwanza wa Kishirazi alimpeleka mwanawe kuitawala Mafia. Hatuapi ya kuwa kila neno la hadithi ile ni kweli. Lakini mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba Kisimani, na huko zimeonekana fedha za shaba za masultani wa Kilwa na vigae vya vyombo vilivyotoka ng'ambo. Basi mji ulikuwako, na ulifanya biashara. Leo bahari imeula. Ukuta ulio juu ya mchanga mwaka huu, mwaka ujao uko chini ya maji.

Wazee husimulia sababu yake. Husema mtawala wa Kisimani alimwita fundi mwashi akamjengea kazi nzuri isiyo na mfano. Ilipokwisha, mtawala akaamuru fundi akatwe mkono, asije akamjengea mwingine iliyo sawa nayo. Fundi akaomba dua juu ya mji, na bahari ikaitika. Wengine husema ilikuwa tufani, nao huitaja ile ya Aprili 1872 iliyovunja vyombo na kuangusha mikarafuu Unguja. Hadithi ya fundi aliyekatwa mkono husimuliwa katika nchi nyingine nyingi pia, kwa hiyo sisi hatuiweki katika hesabu ya historia. Lakini mwenye kuitunga alijua jambo moja kuhusu watawala, nalo halikuwa geni kwake.

Hadithi ya pili ni nzito zaidi, nayo yawaunganisha watu wa Kisimani na watu wa Kua, mji uliokuwa katika kisiwa cha Juani, upande wa pili wa Mafia. Husemwa ya kuwa watu wa Kisimani waliunda chombo kikubwa, wakawaalika watu wa Kua waje karamuni siku ya kukishua. Wageni wakaja na watoto wao, wakala, wakanywa. Wakati wa kushua ulipofika, wenyeji wakawakamata watoto wa wageni, wakawalaza mchangani mahali pa magogo, wakapitisha chombo juu yao hata baharini.

Watu wa Kua wakarudi kwao. Hawakupigana, hawakutuma hata neno. Wakangoja miaka, mpaka watu wa Kisimani wakadhani yamesahauliwa. Ndipo wakapeleka mwaliko wa arusi. Wageni wakaja wamejipamba, wakatiwa katika chumba cha chini ya ardhi, pakaletwa chakula, ngoma na mazungumzo. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja: huyu aenda kutazama wali, huyu aenda kumwita ndugu yake. Mwisho akabaki mzee mmoja tu wa Kua akiwazungumza wageni. Mlango ukajengwa kwa mawe na chokaa kutoka nje. Mzee alijua tangu mwanzo, naye hakutoka.

Wengine hugeuza, wakasema waliotangulia uovu ni wa Kua. Jambo hilo si ajabu. Kila upande humpa mwenzake zamu ya kwanza. Nasi yatupasa kusema kweli: magofu makubwa yanayoonekana Kua leo mengi yake ni ya karne ya 18, na fahari ya Kisimani ilikuwa zamani za masultani wa Kilwa, karne nyingi kabla yake. Ni vigumu miji hii miwili kuwa na nguvu wakati mmoja hata ialikane kwa karamu namna hiyo. Wala chumba chenyewe hatujaonyeshwa, ingawa tumeuliza kila tulipokwenda.

Hata hivyo tumemfikiri sana mzee yule. Watoto katika hadithi hawakuulizwa, na wageni wa arusi hawakuulizwa. Yeye peke yake alichagua. Tulipokuwa wadogo tulimwona shujaa. Sasa nasi tu wazee, na twaona ya kuwa mtu aliyekaa miaka yote ile na neno moja moyoni alikuwa amekwisha kujengewa mlango zamani.

Kua kwenyewe hakuhitaji hadithi ya kubuni ili kutisha, maana mwisho wake ni wa kweli. Mwanzoni mwa karne ya 19, na wengi hutaja mwaka 1829, Wasakalava walikuja kwa mitumbwi mingi kutoka Bukini, wakaupiga mji, wakaua, wakachukua mateka. Kua haukuinuka tena. Mji mkubwa wa Mafia ukawa Chole, ng'ambo ya maji membamba. Wajerumani nao walikaa Chole kwanza, kisha wakahamia Kilindoni, na nyumba zao za Chole nazo zimekuwa magofu yenye mizizi ya miti ukutani. Mgeni akifika huko jioni akaona popo wakubwa wakining'inia mitini kwa mamia, hudhani amefika mji wa majini. Ni popo tu, wala matunda.

Tulikwenda Kua kwa mashua, maji yakiwa yamejaa, kwa kuwa yakipwa hakufikiki ila kwa kukanyaga matope ya mikoko. Humo mna msitu, na ndani ya msitu kuta: jumba la mtawala, misikiti, makaburi. Ndani ya kuta mna ukimya ambao mvuvi hajauzoea, maana sisi masikio yetu hayapumziki na mawimbi. Katika vidaka tuliona chupa za marashi, vipande vya nguo na sarafu. Watu bado huja kuweka nadhiri: huyu ataka mtoto, huyu ataka safari yake iwe salama. Wako masheikh wanaolikemea jambo hili, nao wana hoja zao katika dini. Kazi ya kuamua si yetu.

Ila twataka mfikiri jambo hili. Kua hakuna mlinzi wa usiku, wala hapajapata kuwa na ukuta wa kuwazuia wachukuzi. Miji mingi ya mawe katika pwani yetu imechukuliwa jiwe kwa jiwe ili kujengea nyumba au kuchoma chokaa, na mabakuli ya Kichina yaliyopambwa makaburini yamebanduliwa, yakabaki matundu kama macho yaliyotobolewa. Kua kumechukuliwa pia, lakini kumebaki kuta nyingi za kutosha. Nani alizilinda? Kwa sehemu kubwa ni khofu. Mtu aliyeogopa mzimu hakuchukua jiwe lake akajengee jiko.

Huko Gedi, karibu na Malindi, ilikuwa hivyo hivyo. Wenyeji waliuogopa msitu ule na magofu yake. James Kirkman, aliyeanza kuchimba huko mwaka 1948, yeye mwenyewe alieleza ya kuwa hapo mwanzo alihisi kana kwamba kuna mtu amtazamaye nyuma ya kuta, asiye rafiki wala adui. Mtu msomi aliyekuja na vipimo na madaftari aliona haya kuficha hisia hiyo, nasi twamsifu. Mji ule uliopewa majini kuulinda uliingizwa mwaka 2024 katika orodha ya Urithi wa Dunia, orodha iliyo na Kilwa Kisiwani na Songo Mnara tangu mwaka 1981.

Sasa vijana wetu wamesoma, na wengi hawaogopi tena. Vyema. Lakini kijana asiyeogopa mzimu wala hajui Wasakalava walikuwa nani, kwake Kua ni rundo la matofali ya bure. Sheria iko: ya Mambo ya Kale, ya mwaka 1964, tena Juani imo katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyowekwa mwaka 1995. Sheria hukaa ofisini, na jiwe liko msituni. Katikati yake ndipo tulipo sisi na ninyi.

Tusijifanye wema kupita wengine. Tulipokuwa vijana, safari yetu ya kwanza Kua, tuliokota kigae cha bakuli, cheupe chenye ua la buluu, kiasi cha kiganja cha mtoto. Kilikuwa kizingitini mwa nyumba. Tukakitia mfukoni, tukakificha sandukuni. Mwaka ule homa haikututoka, na bibi yetu alipofungua sanduku akatafuta nguo akakiona, hakuuliza ni cha nani. Alisema, "Mrudishieni mwenyewe."

Tulikirudisha, kwa kusi kali, tukitapika njia nzima. Homa ilikuwa ya mbu, twaijua leo, nayo ilikwisha kwa dawa. Bibi aliamini iliisha kwa sababu nyingine, na hatukumbishia hata alipofariki, Mungu amrehemu.

Lakini tulipofika Kua hatukukumbuka kizingiti kilikuwa kipi. Nyumba ni nyingi na msitu ulikuwa umekua. Tulizunguka mpaka maji yakaanza kupwa na nahodha akaita, tukakiweka juu ya ukuta wa msikiti, mahali ambapo hakikuwapo. Tangu tulipojifunza namna wachimbaji wanavyosoma kigae kwa mahali kilipolala, jambo hilo ladhuru moyo wetu kuliko homa. Mtu akija akakiona pale ataandika ya kuwa katika msikiti ule walitumia bakuli lenye ua la buluu, naye atakuwa amedanganywa na sisi.

Alhamisi ijayo ni bamvua. Maji yatapwa sana asubuhi, na mwalimu mkuu amekubali kuwachukua watoto wa darasa la sita na la saba hadi Ras Kisimani, watazame kilichobaki kabla bahari haijakichukua. Mashua mbili zimepatikana. Twahitaji ya tatu, na nahodha asiyelewalewa maneno kwa watoto. Kila mtoto na aje na maji yake ya kunywa, daftari na kalamu. Mfuko wa kuokotea vitu asilete.