Riwaya ya Upelelezi Humfunza Msomaji Kudai Ushahidi



Wengi huiweka kando riwaya ya Kiswahili punde tu mtihani unapokwisha. Njia nyepesi ya kuirudia ni taharuki. Anzeni na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka 1960. Mtu ameuawa, maiti imekutwa mzimuni, na minong'ono imetanda. Bwana Msa hamhukumu mtu kwa uvumi. Huuliza, hupima, ndipo hutamka.

Somo hilo lina uzito hapa Pwani, ambako wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi zisizothibitishwa. Kijana aliyezoea kuandamana na Bwana Msa, akisikia tuhuma kama hizo, huuliza kwanza: ushahidi uko wapi?

Anayependa mwendo wa kasi achukue Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya 1965, au Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, yenye mpelelezi Willy Gamba.

Katiba ya 2010 imeweka maktaba chini ya kaunti, ni zenu. Ingieni, ulizeni, azimeni. Na mkimaliza kusoma, msimwambie jirani muuaji ni nani.