Tuchunge Macho Yetu Kazini

Leo tutaongea juu ya macho yenu ninyi, munaofanya kazi tangu asubuhi mpaka usiku.

Hapa Rumangabo mama anafanya kazi gani? Analima, anavuna mahindi, anapiga maharagi kwa fimbo, anapika kwa kuni. Wengine, hapa na kule Goma, wanavunja mawe ya volkano kuwa kokoto za kujengea. Kila moja ya kazi hizi inaweza kuumiza jicho.

Kuvunja mawe. Jiwe la volkano linakatika kama chupa. Nyundo ikilipiga, vipande vinaruka, na kipande kidogo kinaweza kutoboa jicho. Ukipata miwani ya kazi, vaa. Lizungushie jiwe pete ya mpira wa gari, ili vipande visiruke mbali. Musikae mukielekeana. Na mtoto je? Mtoto aliye mgongoni anachungulia juu ya bega lako. Kipande kikikosa jicho lako, kinaweza kupata lake. Mwacheni mbali, pamoja na mtu mkubwa.

Shambani. Jani la hindi au ganda la haragi linakwaruza jicho, na mama anasema, "Ni kitu kidogo, kitapona." Lakini mbele ya mboni kuna ngozi nyembamba inayong'aa sawa kioo. Ikikwaruzwa, mlango umefunguka. Vijidudu na ukungu wa majani vinaingia, na kisha siku chache kidonda kinakuja. Kidonda hata kikipona, kinaacha kovu jeupe, na jicho halioni vizuri tena.

Ugonjwa huu unazuilika. Kule Bhaktapur, nchini Nepal, watu waliokwaruzwa jicho walipewa pomadi ya kloramfenikoli kijijini kwao. Habari yao iliandikwa mwaka 2001: kati ya wale waliotibiwa kabla ya masaa 18 kupita, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Basi ukiumia leo, njoo leo.

Jikoni na usiku. Kausha kuni vizuri, fungua dirisha, mtoto asikae ndani ya moshi. Ukishona au ukichagua maharagi, kaa penye mwanga, na mara kwa mara tazama mbali ili macho yapumzike. Mama aliyepita miaka 40, akishindwa kutunga uzi kwenye sindano, hajarogwa. Ni umri. Miwani ya kusomea, yaani lineti, itamsaidia.

Jicho likiumia, fanya hivi:

1. Usilisugue, hata kama linawasha sana.

2. Vumbi likiingia, lisafishe kwa maji safi. Huku kwetu maji ni shida, kwa hiyo ondoka nyumbani na chupa ya maji safi.

3. Simenti, chokaa au maji ya batri ikiingia, mwaga maji palepale, muda wa nusu saa, huku ukifungua kope. Usitafute kwanza munganga. Maji kwanza, munganga kisha.

4. Kitu kikitoboa jicho, usikitoe, usisafishe, wala usikandamize. Funika juu kwa kikombe safi kisichogusa jicho, na uende hospitali mara moja.

5. Usitie maji ya majani, maziwa ya titi, mkojo, wala dawa ya matone iliyobaki kwa jirani. Vitu hivi vinaingiza vijidudu, na matone mengine yanaongeza kidonda.

Pengine utasema, "Nikiacha kazi leo, watoto watakula nini?" Ni neno la kweli, mama. Lakini jicho lililokufa halirudi, na kazi ya kesho na keshokutwa inalihitaji. Barabara ya kwenda Goma ikiwa imefungwa, usikae nyumbani kungoja. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, waanze dawa.

Mukirudi nyumbani, mwambieni jirani ambaye hakufika leo: asisugue, asitie dawa ya kienyeji, aje siku ileile.

Sasa nani ana swali?